PHILIP HENRY GOSSE, MTU ALIYEILETA BAHARI NYUMBANI

Mvuvi yeyote wa mwambao wetu, tangu Kismayu mpaka visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, anamjua yule samaki wa miambani mwenye milia myekundu na myeupe, mapezi kama manyoya ya ndege, na miiba ya sumu mgongoni. Wageni humwita samaki-simba. Sisi humwepuka, lakini katika nchi za mbali watu humnunua kwa fedha, wakamfuga sebuleni ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Desturi hiyo ilienezwa zaidi na Mwingereza mmoja, na maisha yake yana fundisho kwetu.

Philip Henry Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, akakulia Poole, mji wenye bandari. Baba yake alikuwa mchoraji aliyezunguka huku na huku akitafuta kazi, na fedha zilikuwa haba nyumbani. Basi mwaka 1827, naye kijana wa miaka 17, alivuka bahari kwenda Newfoundland kuwa karani wa wafanyi biashara. Huko alianza kuchunguza wadudu baada ya kazi. Akajaribu kilimo Kanada, hakikumfaa. Mwaka 1838 alifundisha shule Alabama, Marekani. Mwaka 1844 alikwenda kisiwa cha Jamaica, akakaa mpaka 1846 akikusanya ndege na viumbe wengine. Hakupata kusoma chuo kikuu. Elimu yake aliipata kwa macho na subira.

Mwaka 1852 afya yake ilidhoofika, akahamia pwani ya Devon. Siku zile kiumbe wa baharini akitiwa chomboni hufa upesi, na maji huoza. Gosse hakuwa wa kwanza kujaribu. Bibi Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa, alikwisha tumia matangi ya kioo huko Sicily mwaka 1832. Lakini Gosse alitaka njia ambayo mtu yeyote angeiweza. Alijua kwamba mwani ukipata mwanga hutoa hewa ya oksijeni, ambayo wanyama huivuta. Kwa kuwa mwani hauna mizizi ya kuchimbua, aliukata pamoja na kipande cha jiwe lake. Alipotia mwani wa kadiri na wanyama wa kadiri, maji yalikaa safi kwa muda mrefu.

Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, naye alisaidia kuipatia viumbe. Mwaka 1854 alitoa kitabu kilicholieneza jina la akwaria. Mwaka huo huo alieleza jinsi ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi za namna nne, ili hata mtu wa bara aweze kufuga.

Sifa zilimjia, lakini pamoja nazo huzuni. Watu wengi walioshika vitabu vyake walishuka pwani na vikapu na patasi. Mchovya asali hachovyi mara moja: walichukua, wakarudi, wakachukua tena, mpaka vidimbwi vya miambani alivyovipenda vikawa vitupu. Gosse aliishi kuyaona hayo, akasikitika sana, kwa maana yeye ndiye aliyewaonyesha njia. Alikufa tarehe 23 Agosti 1888. Mwanawe Edmund aliieleza habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1907.

Jambo jingine halikutokea mpaka yeye yu kaburini. Mwaka 1985 samaki-simba alionekana katika bahari ya Florida, ambako hakuwako kamwe. Wataalamu wengi huamini kwamba wafugaji walichoka nao, wakawamwaga baharini. Huko samaki wadogo hawakumjua adui huyu, nao wakubwa hawakuzoea kumla. Akazaana, akaenea Bahari ya Karibi yote, hata Jamaica alikotembea Gosse. Kwetu yuko mahali pake, na miamba ina kipimo chake. Kule amekuwa mharibifu.

Ndugu zangu, simlaumu Gosse. Bila yeye na wenziwe, watu wengi wa bara wasingejua bahari ina nini chini yake. Hata wazee wetu walimshika chazo akiwa hai, wakamfunga kamba mkiani, wakamtumia kuwanasa kasa. Kumtumia kiumbe kwa akili si vibaya. Lakini Gosse alijua kupima kilichomo ndani ya tangi, ila hakuweza kuwapima watu waliomfuata. Atakayekuja kununua samaki wa miamba yetu ataleta fedha mkononi. Tumwulize kwanza anataka wangapi, na akichoka nao atawapeleka wapi.