Hurst, Baba wa Nile aliyelipigia hesabu Ziwa Victoria

ZIWA Victoria lilipopanda kwa takriban mita 2.5 kati ya mwaka 1961 na 1964 na kumeza fukwe zake, Bukoba na Muleba zikiwamo, mtaalamu mmoja mjini Cairo alikuwa na zaidi ya nusu karne katika kazi ya kuyapima maji ya bonde la Nile.

Huyo ni Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyezaliwa Januari 1, 1880 karibu na Leicester. Mtoto huyo wa mjenzi wa kijijini aliacha shule akiwa na miaka 15, akajiendeleza hadi kuhitimu fizikia Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1906 alikwenda Misri kwa kazi ya muda mfupi, akakaa miaka 62. Wamisri wakamwita Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Alizunguka bonde hilo kwa miguu, baiskeli, meli na gari, hadi kwenye maziwa makuu. Kwake, Mto Kagera unaopita Kyaka, ambao ni mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, ulikuwa sehemu ya hesabu ya chakula cha Misri.

Akichambua kumbukumbu za kina cha Nile za karne nyingi, aligundua kwamba miaka ya neema huandamana, na ya ukame vivyo hivyo. Kwa kuwa hapakuwa na kompyuta, alirusha sarafu na kuchanganya karata ili kuiga bahati tupu, akaona mto hauendi hivyo. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1951. Maana yake ni kwamba bwawa linalokadiriwa kwa wastani wa kawaida litapungukiwa maji.

Dawa aliyopendekeza ni kuyafanya maziwa makuu kuwa ghala la maji la miaka 100. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lililozinduliwa mwaka 1954 kwa mchango wa Misri, lilibeba wazo hilo. Hapo ndipo penye utata, kwani ghala la Misri lina kingo zake Tanzania. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kutofungwa na mkataba wa Nile wa 1929.

Hurst alilihesabu ziwa kama beseni moja: mvua na mito inayoingia, mvuke na maji yanayotoka. Wataalamu wa leo hulitandazia ziwa wavu wa pembetatu ndani ya kompyuta, wenye macho madogo penye ghuba na visiwa kama Bumbire, na makubwa katikati ya kina, kisha mwendo wa maji hukokotolewa jicho kwa jicho. Beseni hueleza ziwa litapanda kiasi gani. Wavu hueleza maji yataelekea ufukwe upi. Hata hivyo, wavu huo nao hulishwa vipimo vya mito na mvua, kazi ileile aliyoifanya Hurst.

Alifariki dunia Desemba 1978, mwezi mmoja baada ya majeshi ya Idi Amin kulipua daraja la Kyaka.