Beatrix Potter, Msichana Aliyetafuta Uyoga

Ukimtaja Beatrix Potter, wengi watakuambia ni yule mama Mwingereza aliyetunga hadithi ya Sungura Peter, yule mwenye koti la buluu aliyeingia shambani mwa watu kula mboga. Si uongo. Lakini kabla sungura hajamletea sifa, mama huyu alikuwa mtu wa uyoga, na habari hiyo ndiyo nataka kuwasimulia wanachama wenzangu.

Alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866 katika jamaa ya watu wenye mali. Shule hakuiona. Mdogo wake Bertram alipelekwa shuleni kwa sababu ni mvulana, naye Beatrix akafundishwa nyumbani na walimu wa kike wa kuajiriwa. Marafiki zake walikuwa wanyama aliowafuga chumbani: sungura, panya, popo, vyura, hata kalunguyeye! Wote hao aliwachora.

Kila mwaka jamaa yake ilikwenda likizo ndefu mashambani, mara nyingi Scotland. Huko, mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, baridi nayo huanza kuuma. Hapo ndipo uyoga hutokeza kwa wingi chini ya miti, kama wetu unavyotokeza mvua ikinyesha. Beatrix akawa anaingia msituni na kikapu, anarudi jioni na uyoga, anakaa kuuchora.

Kuchora ni kitu kimoja, kutambua ni kingine. Uyoga unaweza kufanana kwa juu kama mapacha, kumbe mmoja ni chakula na mwingine ni sumu. Aliyemfungua macho ni Charles McIntosh, mzee aliyekuwa mpeleka barua sehemu za Dunkeld. Mzee huyu alikuwa amekatwa vidole vya mkono mmoja na mashine ya kupasua mbao, tena alikuwa mtu wa haya sana. Lakini kwa ile miaka aliyotembea kwa miguu akigawa barua, aliijua mimea na uyoga wa pande zile kuliko wasomi wengi. Walizungumza Oktoba 1892. Akamshauri asichore kofia peke yake, bali aukate uyoga katikati, aonyeshe shina na vile vikunjo vyembamba vilivyo chini ya kofia, kwa kuwa alama za kweli zimo humo. Basi wakapatana. Beatrix akirudi London, mzee anamtumia uyoga kwa posta, naye anamrudishia picha. Hebu fikiria uyoga kusafiri kwa posta!

Septemba 1893, akiwa Dunkeld, alipata kitu adimu. Ulikuwa uyoga wa kijivu kilichokoza, kofia imejaa magamba kama koni ya msonobari. Chini hauna vikunjo, una vitundu vidogo vidogo, na ukiukata nyama yake huwa nyekundu kisha nyeusi. Waingereza huuita Mzee wa Msituni, na kwa wataalamu jina lake ni Strobilomyces. Mwezi huohuo na mahali hapohapo ndipo alipomwandikia barua mtoto mmoja mgonjwa, akamchorea habari za sungura. Barua hiyo ndiyo iliyozaa kile kitabu.

Hakutosheka na picha. Alitaka kujua uyoga unazaliwaje. Akachukua zile mbegu zake laini kama vumbi, akaziotesha juu ya vipande vya vioo na kuzichungulia kwa hadubini. Mwaka 1896 mjomba wake, Sir Henry Roscoe, mtaalamu wa kemia, alimpeleka bustani ya Kew kwa wakubwa wa elimu ya mimea. Mkurugenzi hakumjali. Hata hivyo George Massee, mtaalamu wa uyoga hapo Kew, alikubali kuwasilisha utafiti wake mbele ya Linnean Society tarehe 1 Aprili 1897. Mwenyewe hakuwamo chumbani, kwani wanawake hawakuruhusiwa mikutanoni. Hapa mimi nakasirika kidogo. Kazi ni yake, macho ni yake, halafu aambiwe abaki nje! Akajibiwa kuwa utafiti unahitaji kazi zaidi, naye akauondoa.

Yaliyofuata yanajulikana. Kitabu cha sungura kilitolewa na kampuni ya Frederick Warne mwaka 1902, pesa zikaingia, akanunua shamba la Hill Top mwaka 1905, akaolewa na William Heelis mwaka 1913, akawa mfugaji hodari wa kondoo. Alifariki tarehe 22 Desemba 1943.

Mwaka 1967 picha zake 59 zilitiwa katika kitabu cha kutambulisha uyoga wa Uingereza. Mwaka 1997, miaka mia moja kamili baada ya mkutano ule, Linnean Society ilikiri kwamba hakutendewa haki. Picha za uyoga, mamia yake, zimehifadhiwa katika jumba la Armitt mjini Ambleside. Zile karatasi za utafiti zilipotea, na hadi leo hazijaonekana.