Seth Lover: Fundi aliyezima mvumo wa gitaa, wengine wakavuna

KABLA bendi haijaanza kupiga, gitaa la umeme linapochomekwa kwenye amplifaya, mara nyingi husikika mvumo mzito kama wa nyuki mzingani.

Mvumo huo hutokana na umeme wenyewe. Nyaya za ukutani, taa na transfoma hutoa mawimbi yanayojirudia mara 60 kwa sekunde nchini Marekani, na mara 50 hapa Afrika Mashariki. Kifaa kilicho chini ya nyuzi za gitaa huyanasa pamoja na muziki.

Wanamuziki hukiita kifaa hicho pikapu, na hakina undugu wowote na gari la kupeleka viazi sokoni. Ni sumaku pamoja na koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya kuwa sauti.

Aliyetafutia mvumo huo dawa iliyoenea kote duniani ni Seth Lover, aliyezaliwa Januari 1, 1910 mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan. Alikuwa fundi wa redio, na mji wake ndio uliokuwa makao ya kampuni ya magitaa ya Gibson.

Aliingia Gibson mara ya kwanza mnamo 1941. Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka katika jeshi la majini kama mtaalamu wa elektroniki, na ni mwaka wa 1952 aliporejea kiwandani kukaa.

Wakati huo Gibson ilikuwa ikiuza magitaa yenye pikapu ya koili moja, iliyojulikana kama P-90. Sauti yake ilipendwa, lakini ilivuma vibaya mno karibu na taa na mitambo.

Lover alijua kuwa koili mbili zikiunganishwa kinyume zinaweza kufuta mvumo, kwani mbinu hiyo ilishatumika katika vifaa vingine vya umeme. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akaugeuza upande wa sumaku kwa mojawapo, kisha akageuza pia muunganisho wa waya wake.

Mvumo wa umeme haujali upande wa sumaku, hivyo unaoingia koili hii hugongana na wa koili ile na kufutana. Sauti ya uzi hugeuzwa mara mbili, kwa sumaku na kwa waya, kwa hivyo inajumlishwa. Pikapu hiyo ndiyo hambaka, na jina lake la Kiingereza linamaanisha tu kizuia mvumo.

Ombi la hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, liliwasilishwa Juni 22, 1955. Hambaka zikaanza kufungwa kwenye magitaa ya Les Paul mnamo 1957, na hataza yenyewe ikatoka Julai 28, 1959.

Hakuwa peke yake. Ray Butts, fundi wa jimbo la Illinois, alibuni pikapu ya namna hiyohiyo kwa kampuni ya Gretsch. Butts aliwasilisha ombi lake mwaka wa 1957 lakini akapata hataza Juni 30, 1959, wiki chache kabla ya Lover.

Skrubu zinazoonekana juu ya hambaka hazikuwa wazo la Lover. Aliona hazihitajiki, ila watu wa mauzo walitaka kitu cha kumwonyesha mteja. Muuzaji yeyote wa pembejeo anaielewa hoja hiyo.

Jambo la kuuma ni hili: hataza namba 2,896,491 ilikuwa na jina la Lover, lakini mali ilikuwa ya mwajiri. Kampuni nayo ilificha siri yake kwa ujanja. Karatasi iliyobandikwa chini ya pikapu ilisema tu kwamba hataza imeombwa, na baadaye ikawekwa namba ya hataza nyingine kabisa, ile ya kishikilia nyuzi cha Les Paul. Aliyetaka kunakili akiifuata namba hiyo aliangukia mchoro usiomfaa.

Mwaka wa 1967 Lover alihamia kwa washindani, Fender, huko California. Huko alibuni hambaka nyingine, iliyoingia sokoni mapema miaka ya 1970 ikiwa na sauti kali na angavu zaidi. Alistaafu mnamo 1975.

Mwaka uliofuata, hataza ya Gibson ilitimiza miaka 17 na kuisha. Biashara ya pikapu za kubadilisha ilikuwa tayari imeshika kasi. DiMarzio ilikuwa imetoa yake yenye nguvu nyingi tangu 1972, na Seymour Duncan akaanzisha kampuni yake mnamo 1976.

Nguvu ndizo zilizouzwa kwanza. Waya uliongezwa na sumaku kali zikawekwa ili amplifaya ikorome haraka. Pikapu za aina hiyo huwafaa wa roki, lakini mpiga benga au rumba anayetaka kila noti isikike safi hupata shida nazo.

Ndiyo maana anayetafuta hambaka ya kazi zote hujikuta akirudi kwa kipimo cha Lover: takriban mizunguko 5,000 kwa kila koili, na ukinzani wa kilo-omu 7.5 hadi 8.5. Sumaku huwa ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti: namba 2 kwa sauti laini, namba 5 kwa sauti yenye makali.

Iliyo karibu na daraja huhitaji nguvu zaidi kuliko ya shingoni, kwa sababu uzi hapo hutikisika kidogo. Yenye nyaya nne inafaa zaidi, maana koili moja inaweza kuzimwa ili gitaa litoe sauti nyembamba, ingawa mvumo nao hurudi. Kabla ya kulipa, pima pia nafasi kati ya nyuzi. Pikapu ya gharama ambayo skrubu zake haziko chini ya nyuzi inaudhi.

Pikapu za awali, ambazo mashine za kiwandani zilizungusha bila usawa, leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Gitaa la Les Paul la 1958 hadi 1960 lililo nazo huvuka dola 100,000.

Akiwa na miaka 84, Lover alishirikiana na Seymour Duncan kutengeneza upya hambaka ya 1955, na mwaka wa 1994 ikatoka madukani. Safari hii iliitwa Seth Lover. Alifariki Januari 31, 1997 mjini Garden Grove, California.