Althea Gibson: bingwa wa Wimbledon aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba

Ukitaja tenisi ya wanawake hapa Songea, wengi watakutajia Venus na Serena Williams. Leo tunamwangalia aliyewatangulia, Mmarekani mweusi Althea Gibson, aliyefariki dunia mwaka 2003. Maisha yake yanagusa jambo ambalo wanamichezo wetu wanalijua vizuri: mtu anaweza kushinda vikombe vikubwa kuliko vyote, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Gibson alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 huko Silver, jimbo la South Carolina. Wazazi wake, Daniel na Annie, walilima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mkulima wa Ruvuma hahitaji kuelezwa maana ya msimu mbaya, na kwa anayelima ardhi isiyo yake maumivu huwa mara mbili. Mwaka 1930 familia ikahamia Harlem, eneo la watu weusi jijini New York.

Shule haikumkalia vizuri, alikuwa mtoro. Lakini barabara ya mtaani kwao ilifungwa kwa magari ili watoto wapate pa kuchezea, na hapo akajifunza mchezo unaofanana na tenisi, unaochezwa kwa vibao vya mbao. Mwaka 1939, akiwa na miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa mchezo huo jijini New York. Mwanamuziki Buddy Walker alipomwona akamtafutia raketi, na majirani wakachangishana fedha za ada ili ajiunge na klabu ya tenisi ya watu weusi.

Wakati huo weusi wa Marekani walikuwa na chama chao cha tenisi, ATA. Madaktari wawili wa chama hicho, Hubert Eaton na Robert Walter Johnson, walikiona kipaji chake wakaamua kumlea. Mwaka 1946 alihamia nyumbani kwa Dk Eaton huko North Carolina, akarudi darasani na kumaliza sekondari. Kuanzia 1947 alitwaa ubingwa wa wanawake wa ATA mara 10 mfululizo.

Nje ya ATA milango ilikuwa imefungwa. Kwa maandishi, chama cha taifa cha tenisi hakikumzuia mtu mweusi. Lakini ili ualikwe kwenye ubingwa wa taifa ulipaswa kwanza kucheza mashindano ya kufuzu, na mengi yalifanyika kwenye klabu za wazungu watupu. Julai 1950, bingwa wa zamani Alice Marble, ambaye ni mzungu, aliandika katika jarida la tenisi akiushutumu mtindo huo hadharani. Mwezi uliofuata Gibson akaingia uwanjani Forest Hills, mtu mweusi wa kwanza kucheza mashindano hayo. Katika mchezo wa pili alikuwa akiongoza seti ya mwisho dhidi ya Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, mvua ya radi ikasimamisha pambano. Waliporudi kesho yake alishindwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Alisoma chuo, akafundisha michezo, akakaribia kuachana na tenisi na kujiunga na jeshi. Kisha mwaka 1956 akashinda ubingwa wa Ufaransa, mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la mmoja mmoja katika mashindano makubwa manne ya dunia. Mwenzake wa kucheza wawili wawili alikuwa Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi, ambaye naye alijua ladha ya kufungiwa mlango wa klabu. Pamoja walishinda Ufaransa na Wimbledon mwaka huo.

Julai 1957 alishinda Wimbledon peke yake, na Malkia Elizabeth wa Pili akamkabidhi taji. Songea ya wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, chini ya utawala wa Waingereza, na sura ya malkia huyohuyo ilikuwa kwenye stempu za barua zetu. New York ilimpokea kwa maandamano ya heshima. Mwaka huo alishinda pia ubingwa wa Marekani, na mwaka 1958 akayatetea mataji yote mawili. Kwa jumla alitwaa mataji 11 makubwa: matano peke yake, matano ya wawili wawili na moja la mchanganyiko.

Fedha je? Hakupata. Mashindano hayo yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na bingwa hakulipwa zawadi ya fedha. Mwishoni mwa 1958, akiwa na miaka 31 na hana mpinzani, aliachana na tenisi ya ridhaa ili atafute riziki. Alirekodi muziki, akaigiza filamu, akacheza maonyesho ya tenisi kabla ya mechi za kikapu za Harlem Globetrotters. Mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika ziara ya gofu ya kulipwa ya wanawake, ambako baadhi ya klabu zilimkatalia hata kubadilishia nguo ndani. Mashindano makubwa ya tenisi yalipofungua milango kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, Wimbledon ilimpa bingwa wa wanawake pauni 750 na wa wanaume pauni 2,000. Gibson alikuwa anaelekea miaka 41. Fedha zilikuja, miguu imekwisha kuchoka.

Katika miaka ya 1990, baada ya kupata kiharusi, aliishi East Orange, New Jersey, akishindwa kulipa kodi na dawa. Alimpigia simu Buxton, mwenzake wa zamani. Buxton akamsaidia, kisha akafikisha habari kwa wapenzi wa tenisi, na michango ikamiminika kutoka nchi nyingi. Gibson aliishi kuona Serena akishinda ubingwa wa Marekani mwaka 1999 na Venus akishinda Wimbledon mwaka 2000. Alifariki tarehe 28 Septemba 2003.

Tukiyapima maisha yake, tunaona kwamba katika kila hatua waliomnyanyua walikuwa watu: majirani, madaktari wawili, mchezaji mwenzake. Mchezo wenyewe ulimpa makofi. Kwa hiyo tunaposhangilia vijana wetu wanaoibuka Ruvuma, tuulize pia mkataba wao unasema nini, na nani atawatibu wakiumia. Mwaka 2025 Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye picha ya Gibson. Leo yuko kwenye fedha, yeye ambaye ushindi wake wa Wimbledon haukumpa hata senti moja.