Jack Tramiel

Jack Tramiel (13 Desemba 1928 – 8 Aprili 2012) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyezaliwa nchini Polandi katika familia ya Kiyahudi. Ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Commodore, iliyotengeneza Commodore 64, mojawapo ya kompyuta za nyumbani zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Hakuwa mwanamuziki, lakini kompyuta zake ziliwawezesha vijana wengi kutunga muziki wa kielektroniki nyumbani kwao.

Maisha ya awali

Tramiel alizaliwa mjini Łódź. Jina la ukoo wake liliandikwa Trzmiel. Baada ya Ujerumani kuvamia Polandi mwaka 1939, familia yake ilifungiwa katika gheto la mji huo. Mwaka 1944 walipelekwa Auschwitz, kisha yeye na baba yake wakahamishiwa kambi ya kazi ya Ahlem karibu na Hannover. Baba yake alifia huko. Tramiel alikombolewa na wanajeshi wa Marekani mnamo Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 16.

Mwaka 1947 alimwoa Helen Goldgrub, ambaye naye alinusurika kambi za Wanazi. Mwaka huohuo alihamia Marekani. Alijiunga na jeshi, na humo akajifunza kutengeneza mashine za ofisi.

Commodore

Alipotoka jeshini alifungua duka la kutengeneza taipureta mjini New York. Katika miaka ya 1950 alianzisha Commodore mjini Toronto, Kanada. Baadaye kampuni iliuza vikokotoo vilivyotumia chipu za Texas Instruments. Katika miaka ya 1970 Texas Instruments ilianza kuuza vikokotoo vyake yenyewe kwa bei ya chini, na Commodore ikakaribia kufilisika. Tramiel aliamua kutotegemea tena chipu za washindani, na mwaka 1976 Commodore ilinunua kiwanda cha chipu cha MOS Technology.

Kiwanda hicho kiliiwezesha kampuni kuingia katika biashara ya kompyuta. PET ilitokea mwaka 1977, ikafuatwa na VIC-20, kompyuta ya kwanza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Tramiel alitaka kompyuta ziwe za watu wa kawaida, si za matajiri pekee.

Commodore 64 na muziki

Commodore 64, kompyuta ya biti 8, ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 1982 kwa bei ya dola 595. Zaidi ya milioni 10 ziliuzwa. Ndani yake kulikuwa na chipu ya sauti iitwayo SID, iliyobuniwa na mhandisi Robert Yannes wa MOS Technology. Wakati kompyuta nyingine za bei nafuu, kama ZX Spectrum, zilitoa mlio mmoja tu, SID ilikuwa na sauti tatu, mawimbi ya aina nne na kichujio, kama ala halisi ya kielektroniki. Watunzi kama Rob Hubbard na Martin Galway wa Uingereza walipiga noti za kodi moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, hata msikilizaji akadhani zinalia pamoja.

Atari

Januari 1984 Tramiel aliondoka Commodore baada ya kutofautiana na mwenyekiti wake, Irving Gould. Mwaka huohuo alinunua kitengo cha kompyuta na michezo ya nyumbani cha Atari. Mwaka 1985 Atari ilitoa kompyuta ya biti 16 iitwayo Atari ST. Hii ilikuwa na matundu ya MIDI, mfumo wa kuunganisha ala za kielektroniki, hivyo ikatumika sana katika studio za muziki.

Urithi

Nchini Tanzania agizo la serikali la mwaka 1974 lilikuwa limezuia uingizaji wa kompyuta, kwa hiyo kompyuta za Tramiel hazikuenea nchini kama zilivyoenea Ulaya. Hata hivyo kutunga muziki kwa kompyuta ya nyumbani, kama watayarishaji wa Bongo Flava walivyofanya baadaye, kulianza kuwa jambo la kawaida duniani katika enzi ya kompyuta hizo. Chipu ya SID bado inatumiwa na wapenzi wa muziki wa kompyuta za zamani.

Tramiel alikuwa pia miongoni mwa waliosaidia kuanzishwa kwa Jumba la Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington. Alifariki California akiwa na umri wa miaka 83.