Salme binti Said: Binti Sultani aliyeponzwa na kalamu, ikaja kumhifadhi

NYUMBA nyingi za wenye vyeo katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19 zilikuwa na kanuni moja kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Aliruhusiwa kusoma Kurani na hata kuihifadhi moyoni, lakini hakuruhusiwa kujifunza kuandika.

Salme binti Said alizaliwa chini ya kanuni hiyo mnamo Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Aliivunja angali msichana mdogo. Kalamu ilimponza ujanani, na ni kalamu hiyo hiyo iliyolihifadhi jina lake hata leo, ilhali majina ya dada zake wengi yamesahaulika.

Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye mamlaka yake yalienea katika mwambao wote, Lamu na Mombasa zikiwemo. Mamake, Jilfidan, alikuwa mzaliwa wa Circassia, katika milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani akiwa mtoto, akauzwa utumwani na hatimaye akawa suria wa Sultani.

Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake alikuwa huru na alirithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Salme basi alikuwa binti wa mfalme kwa upande wa baba na mtoto wa mateka kwa upande wa mama. Hali hiyo ya kuwa na mguu huku na mguu kule haikumwacha maishani.

Huko Mtoni, Salme alikulia katikati ya umati wa ndugu, masuria, watumishi na watumwa waliozungumza lugha nyingi. Baadaye yeye na mamake walihamia nyumba ya kaka yake Majid mjini, na ni Majid aliyemfundisha kupanda farasi na kutumia silaha.

Chuoni, Salme aliketi pamoja na kaka zake. Wao walipofundishwa kuandika, yeye aliachwa nje. Hakulalamika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa wakati huo waliutumia kama ubao, akaanza kunakili kwa siri herufi za Kurani, moja baada ya nyingine, hadi mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa vikali, lakini elimu iliyokwisha kuingia kichwani haiondolewi kwa lawama.

Mnamo Oktoba 1856, Sayyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman. Kati ya watoto wake wengi, 36 walikuwa hai. Salme, akiwa na umri wa miaka 12, alitangazwa kuwa mtu mzima ili apokee urithi wake wa fedha na shamba. Miaka mitatu baadaye, kipindupindu kikamnyang'anya mamake.

Wakati huo himaya ya babake ilikuwa imegawanyika. Thuwaini alishika Oman naye Majid akashika Zanzibar. Kaka yao mwingine, Barghash, hakuridhika. Mwaka wa 1859 alipanga njama ya kumpindua Majid, akiungwa mkono na dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda mno.

Salme alijikuta njia panda. Majid alikuwa mlezi wake, Khole kipenzi chake. Alimfuata Khole. Na kwa kuwa njama huhitaji barua, nao waliokula njama walihitaji mtu wa ndani anayeweza kuandika, msichana wa miaka 15 akafanywa karani wa uasi dhidi ya kaka yake mwenyewe.

Uasi huo ulizimwa kwa msaada wa wanamaji wa Uingereza. Barghash alihamishiwa Bombay kwa miaka miwili. Majid hakumwadhibu Salme, lakini msichana huyo alikuwa amepoteza nyumba. Kwa watu wa Majid alikuwa msaliti. Na baadaye alipopatana na Majid, Khole na Barghash nao wakamhesabu kuwa msaliti.

Alijitenga katika mashamba yake kwa muda, kisha akarejea mjini. Jirani yake huko alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Ujerumani. Nyumba zao zilikaribiana kiasi kwamba Salme aliweza kuona karamu za Mjerumani huyo kutoka darini kwake. Ujirani ukageuka urafiki, urafiki ukageuka mapenzi.

Mnamo 1866 alikuwa mja mzito. Kwa binti wa ukoo wa kifalme, kubeba mimba nje ya ndoa, tena ya mwanamume asiye Mwislamu, kulikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Mwezi wa Agosti, kwa msaada wa mke wa mwakilishi wa Uingereza, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Alikuwa hajatimiza miaka 22.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, akamngoja Ruete kwa miezi mingi. Mnamo Mei 30, 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku iyo hiyo. Walipokuwa safarini kwenda Ulaya, mtoto yule akafariki. Salme aliingia Hamburg akiwa na jina jipya, dini mpya na msiba.

Maisha ya Hamburg hayakuwa mepesi. Baridi, chakula kigeni, lugha asiyoijua na macho ya watu waliomtazama kama kioja vilimchosha. Hata hivyo, alijifunza Kijerumani, akasimamia nyumba na kuzaa watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Mume wake alikuwa ndiye daraja lake la pekee kati ya ulimwengu mmoja na mwingine.

Daraja hilo lilivunjika Agosti 1870. Ruete alijeruhiwa vibaya katika ajali ya gari la reli la mjini lililovutwa na farasi, akafariki. Salme aliachwa mjane wa miaka 25, mtoto wake mkubwa akiwa wa miaka miwili na mdogo hajatimiza hata miezi minne.

Inafaa kusita hapa, kwani mara nyingi hadithi ya Salme husimuliwa kana kwamba alikimbia dhuluma ya Mashariki akapata uhuru wa Magharibi. Ukweli haukuwa hivyo. Huko Unguja, akiwa msichana wa miaka 12, sheria ilimpa mali yake mwenyewe na kumwacha aitawale. Huko Ujerumani, akiwa mama wa watoto watatu, sheria za wakati huo hazikumwamini mjane kusimamia peke yake mambo ya mali na watoto. Wanaume waliwekwa wamsimamie. Fedha zilipungua mwaka baada ya mwaka.

Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt na Berlin ikiwemo, akitafuta mahali ambapo maisha yalikuwa nafuu. Alifundisha Kiarabu ili kupata riziki. Ujuzi ulioanzia kwenye mfupa wa ngamia sasa ulileta mkate mezani.

Majid naye alikuwa amefariki Oktoba 1870, na aliyekalia kiti cha enzi alikuwa Barghash. Sultani huyo alipozuru London mwaka wa 1875, Salme alisafiri kwenda huko akitumaini kupatana naye. Wakuu wa Uingereza, ambao hawakutaka mgeni wao audhiwe, walimshawishi asimkaribie. Aliahidiwa kwamba watoto wake wangesaidiwa. Alitii, akarudi mikono mitupu, na ahadi hiyo haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye, zamu ya kumtumia ikawa ya Ujerumani. Mnamo 1885 Chansela Otto von Bismarck alikuwa akiwania maeneo ya bara ambayo Barghash aliyadai kuwa yake. Manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, na Salme akapelekwa huko pamoja na watoto wake. Madai yake ya urithi wa jamaa waliofariki akiwa ughaibuni yakawa silaha moja zaidi ya kumtishia Sultani.

Wenyeji wengi walimlaki barabarani kwa furaha na kumwamkia kwa Kiswahili. Kaka yake hakumpokea. Msimamo wa Barghash ulikuwa kwamba aliyeuacha Uislamu hana fungu katika mirathi ya Waislamu. Kwa Salme, huyu alikuwa kaka ambaye kwa ajili yake aliwahi kuhatarisha kila kitu akiwa na miaka 15.

Barghash alipokubali matakwa ya Ujerumani kuhusu bara, Salme hakuhitajika tena. Alirudishwa Ulaya bila urithi. Alijaribu tena mwaka wa 1888 baada ya kifo cha Barghash, na kwa mara nyingine akaambulia patupu. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kati ya safari hizo mbili, mnamo 1886, kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka wa 1888. Wataalamu wengi wanakitaja kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizoandikwa na mwanamke Mwarabu.

Alikuwa ameanza kukiandika miaka mingi kabla, si kwa ajili ya soko bali kwa ajili ya watoto wake. Afya yake ilikuwa dhaifu, naye alihofia kwamba angekufa kabla hawajakua na kujua mama yao alikuwa nani.

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili watamkumbuka hapa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao unasomwa hadi leo. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amepigana na majeshi ya Sayyid Said, babake Salme. Nyumba hizo mbili zilikuwa maadui vitani, lakini wanawake wawili walioguswa nazo walifikia uamuzi mmoja: mama asiye na hakika ya kesho huwaachia wanawe maneno.

Kitabu cha Salme kinaeleza mambo ambayo hakuna msafiri mwanamume angeweza kuyaona: mpangilio wa nyumba za wanawake, malezi, ndoa, sikukuu, tiba na ugomvi wa wakewenza. Aliwakosoa Wazungu walioandika kuhusu wanawake wa Mashariki bila kuvuka kizingiti cha nyumba zao.

Hata hivyo, kina doa lisilofichika. Salme aliutetea utumwa na kuwasema Waafrika weusi kwa dharau, ingawa mamake mwenyewe alikuwa mateka aliyeuzwa. Utajiri wa mashamba ya mikarafuu aliyoyarithi ulitokana na jasho la watumwa. Mwanamke aliyejua uchungu wa kunyimwa haki hakuuona uchungu wa waliokuwa chini yake.

Suala hilo halijazikwa. Mwaka wa 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, lakini mwaka uliofuata uamuzi huo ukabatilishwa kwa sababu ya maandishi yake kuhusu utumwa. Huko Unguja, chumba katika makumbusho ya kasri la Mji Mkongwe kilitengwa kwa ajili ya kumbukumbu yake. Wote wawili, anayemsifu na anayemlaumu, hutegemea ushahidi alioutoa mwenyewe.

Baada ya 1888 Salme hakutaka kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa na kisha Beirut, mahali ambapo aliisikia tena lugha ya babake, hadi 1914. Hapo alirejea Ujerumani kuishi karibu na watoto wake. Aliandika pia barua ndefu kuhusu miaka yake ya ugenini, ambazo zilichapishwa miongo mingi baada ya kifo chake.

Alifariki mjini Jena mnamo Februari 29, 1924, kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka 79. Mabaki yake yalizikwa kando ya mumewe katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Miongoni mwa vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga kutoka ufuo wa Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.

Mwanawe wa kiume, Rudolph Said-Ruete, alichapisha mwaka wa 1929 kitabu kuhusu maisha na utawala wa babu yake, Sayyid Said. Salme hakufaulu kuwapatia wanawe mashamba wala fedha za ukoo wa Unguja. Alichofaulu kuwarithisha ni historia yake, na urithi huo haukuhitaji idhini ya sultani wala chansela yeyote.