Al-Battani na Maji ya Likoni

Vijana wetu wa Likoni na Kisauni husomeshwa sini skuli wakadhani ni elimu ngeni iliyoshuka melini Kilindini. Twapenda wamjue Abu Abdillahi Muhammad bin Jabir al-Battani, mzaliwa wa Harran, aliyezichungua nyota mjini Raqqa tangu mwaka 877 hata 918.

Wayunani walipima kwa uzi mzima wa upinde ndani ya duara. Yeye alishika nusu yake, jaibu. Tusijisifu kwa kisicho chetu: hesabu hiyo ilitoka Bara Hindi, naye akaitumia kwa uhodari. Mwaka wa jua aliupata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, pungufu ya dakika mbili na ushei tu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini karne ya 12, na Copernicus alimtaja katika chake cha 1543. Neno jaibu, mfuko wa nguo, wafasiri waliligeuza sinus, ndiyo sini.

Nukta ikizunguka duarani, jaibu yake hupanda na kushuka kama wimbi. Mawimbi ya namna hiyo hujumlishwa kukadiria kujaa na kupwa kwa maji yetu: kubwa lao ni la mwezi, la saa 12 na dakika 25, likipatana na la jua, ndiyo bamvua.

Uzeeni alifuatana na watu wa Raqqa hadi Baghdad kushitaki dhuluma waliyotendewa. Akafa njiani akirejea, karibu na Samarra, mwaka 929. Mungu amrehemu.